Siku moja Hamburg, mji unaotujua kuliko tunavyoujua

Sawa wasee, wacha niseme ukweli mapema: nilienda Hamburg kupiga picha tu. Ninaishi mji mdogo kaskazini mwa Ujerumani, nasomea uuguzi huku nikifanya kazi kwenye makao ya wazee, na wiki hiyo zamu zilikuwa zimenimaliza kabisa. Nilipopata Jumamosi moja bila kazi nikadandia treni ya asubuhi, chapati mbili kwa mkoba, simu imejaa chaji. Mpango ulikuwa rahisi: picha kwa ile nyumba ya muziki yenye paa kama mawimbi, picha kwa maji, narudi.

Mpango uliharibiwa na ubao mmoja.

Hamburg haiko baharini, ingawa ni bandari kubwa kuliko zote Ujerumani. Iko kwa mto unaoitwa Elbe, na meli hupanda kutoka Bahari ya Kaskazini kilomita kama mia moja hivi ndio zifike mjini. Mahali watu wanapandia feri panaitwa Landungsbrücken. Kuna makelele, kuna mkate wa samaki, kuna watalii wamejaa, ukifumba macho unaweza dhani uko Likoni, isipokuwa hakuna mtu anakusukuma. Hapo ndio nikaona tangazo la boti ya kasi ya kwenda kisiwa fulani. Helgoland.

Nikasimama. Si hii ndiyo ile ya somo la historia? Kama ulisomea shule ya upili Kenya lazima uliikariri: Mkataba wa Heligoland, 1890. Mwalimu anaandika ubaoni, unaandika kwa daftari, mtihani unakuja, unapata alama zako, unasahau. Mimi miaka hiyo yote nilidhani Heligoland ni jina la mzungu fulani aliyeweka sahihi. Kumbe ni kisiwa, tena kidogo, na watu wanapanda boti asubuhi na watoto wao, wanakula aiskrimu, wananunua manukato na sigara bila ushuru, jioni wako nyumbani.

Sasa ngoja nikukumbushe huo mkataba ulisema nini, maana tulifunzwa mbiombio. Tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani na Uingereza waliandikiana. Waingereza wakawapa Wajerumani Helgoland, kisiwa walichokuwa wamekishika tangu enzi za vita vya Napoleon. Wajerumani nao wakakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, na wakaachilia Witu. Watu hupenda kusema Ujerumani ilibadilisha Zanzibar kwa Helgoland, lakini hiyo si sawa, kwa sababu Zanzibar haikuwahi kuwa yao. Witu ndiyo ilikuwa mikononi mwao.

Witu ni ya kwetu. Iko kaunti ya Lamu, bara kidogo. Mwaka wa 1885 sultani wake, Ahmed wa ukoo wa Nabahani, yule waliyemwita Simba, aliingia ubia na Wajerumani kwa sababu alitaka mtu wa kumkinga dhidi ya Sultani wa Zanzibar. Miaka mitano baadaye hao walinzi wake wakasaini karatasi Ulaya na kumpisha Mwingereza. Hakuna aliyewauliza watu wa Witu. Septemba mwaka huohuo Wajerumani kadhaa wakauawa huko Witu, na Oktoba 1890 jeshi la Uingereza likaja likauchoma mji.

Kwa hivyo karatasi ni moja. Upande mmoja ilileta kisiwa cha aiskrimu, upande mwingine ikaleta moto. Na mimi nimesimama hapo kwa gati na chapati yangu, nikijiuliza mbona hii stori naiona huku na sikuiona Lamu.

Hapo ndipo siku ikageuka. Nikaamua sitazunguka kama mtalii. Nitatembea nikiuliza swali moja tu kwa kila jengo: hii ililipiwa na nini?

Kituo cha kwanza ilikuwa ileile nyumba ya muziki niliyokuja kupiga picha, Elbphilharmonie. Ilifunguliwa Januari 2017. Juu ni kioo kitupu, inang'aa kama meli ya barafu. Lakini angalia chini yake: imekaa juu ya godauni kuukuu la matofali, lililokuwa likiwekwa kakao, chai na tumbaku. Hiyo ndiyo picha ya Hamburg yenyewe, muziki mtamu juu na magunia ya watu wa mbali chini.

Ukivuka daraja kidogo unaingia Speicherstadt, yaani mji wa maghala. Maze, ni kitu ya kutisha kwa uzuri. Majengo ya matofali mekundu yamepangana pande zote za mifereji, yamesimama juu ya maelfu ya nguzo za mbao zilizopigwa ndani ya matope. Ujenzi ulianza 1883 na Kaisari Wilhelm II akaja kufungua 1888. Mwaka huo Hamburg iliingia kwenye eneo la ushuru la Ujerumani, lakini wafanyabiashara wakapewa kipande hiki kibaki huru: mzigo unaingia, unakaa, unachambuliwa, unauzwa tena nje, bila kulipia ushuru. Ili kupata nafasi, watu kama 20,000 walihamishwa na nyumba zao kubomolewa. Wengi walikuwa vibarua wa bandari. Kwa hivyo hata maskini wao wenyewe walijua bandari ikitaka kupita, wewe unatoka.

Tangu 2015 mahali hapa pako kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, kama Mji Mkongwe wa Lamu. Leo kuna makumbusho, ofisi, mazulia na kahawa. Niliingia mahali wanakaanga kahawa, harufu ikanirudisha nyumbani moja kwa moja, na kwa ubao wa bei nikaona neno Kenya. Kikombe kimoja karibu yuro 4. Nikanunua, ndio. Nikainywa nikimfikiria guka yangu, ambaye amechuma kahawa maisha yake yote na anakunywa chai.

Karibu na hapo kuna daraja linaloitwa Kornhausbrücke, na juu yake sanamu mbili za mawe zilizowekwa 1903. Mmoja ni Columbus. Mwingine, we acha tu, ni Vasco da Gama. Yule wetu. Yule wa nguzo ya Malindi ambayo kila safari ya shule lazima mpigie picha. Na si sanamu pekee, mtaa mpya wa HafenCity una uwanja kwa jina lake pia.

Kwa nini mreno asimame Hamburg? Kwa sababu biashara yote ya maghala yale ilitegemea njia ya baharini ambayo yeye anasifiwa kuifungua. Lakini sisi tunajua kipande ambacho sanamu haisemi. Aprili 1498 alikuwa amepita Mombasa, mambo yakaharibika huko, akafika Malindi. Mfalme wa Malindi ndiye aliyempa rubani wa kumvusha hadi India, na kwa chini ya mwezi mmoja wakawa wamefika Calicut. Njia ilikuwa inajulikana. Watu wetu, Waarabu na Wahindi walikuwa wakiipita kila mwaka wakifuata pepo za kaskazi na kusi. Vasco alionyeshwa njia. Sasa yeye ana sanamu, rubani hana hata jiwe.

Nilipiga picha ya hiyo sanamu nikaituma kwa mbogi yetu ya shule. Mmoja akajibu, "Huyo jamaa bado anatufuata?"

Sasa twende kwa stori iliyonishtua zaidi, na hii inawahusu nyinyi wenye rasta. Zile ganda ndogo za baharini mnazofunga kwa nywele, kauri, mnajua zilikuwa pesa? Afrika Magharibi, pande za Nigeria na Benin ya leo, kauri zilikuwa sarafu kabisa. Unanunua nazo chakula sokoni, unalipa nazo mahari. Kwa miaka mingi zilitoka visiwa vya Maldives, zikifika kwa shida na kwa kipimo, kwa hivyo thamani ilishikilia.

Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg wakagundua kwamba pwani yetu, Zanzibar na mwambao, ina kauri za aina nyingine kubwa kidogo, tele, bei ya kutupa. Familia ya Hertz ikaanza, halafu kampuni ya William O'Swald ikafungua ofisi Zanzibar mwaka wa 1849. Wanapakia kauri melini kama mchanga, wanazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wanazishusha Lagos na Ouidah, wananunua nazo mawese. Mawese yanaenda Ulaya kutengeneza sabuni, mishumaa na grisi ya mashine. Biashara ilinoga mpaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ikaweka mkataba rasmi na Sultani wa Zanzibar.

Lakini fikiria kidogo. Ukimwaga pesa kwa nchi ya watu bila kikomo, nini hutokea? Bei zinapanda, pesa inakuwa takataka. Ndivyo ilivyokuwa. Kauri zilishuka thamani mpaka ukihitaji kununua kitu kikubwa unahitaji mtu wa kukubebea mzigo wa pesa. Mama aliyekuwa ameweka akiba yake kwa chungu miaka 20 akaamka siku moja akakuta ameweka ganda tu. Sisi leo tukisikia mfumuko wa bei tunafikiria ni mambo ya benki kuu. Hapo walikuwa watu wa kampuni tu, na meli, na ufuo wetu. Pwani ya mashariki ikatumika kuifilisi pwani ya magharibi, na faida ikalala Hamburg.

Na pembe je? Kule kazini kwangu kuna piano kuukuu sebuleni. Vibonye vyake vimekuwa rangi ya manjano kama meno ya mvuta sigara. Bibi mmoja mkaazi, ana miaka zaidi ya 90, aliniambia hizo ni pembe za ndovu, zile za kweli. Sikuwaza sana siku hiyo. Lakini Hamburg ilikuwa moja ya masoko makubwa ya pembe Ulaya, na tajiri Heinrich Adolph Meyer alijenga jina lake kwa hiyo biashara: vibonye vya piano, mipira ya biliadi, vitana, mipini ya visu. Pembe nyingi za Afrika Mashariki zilipitia Zanzibar, na kufika huko zilibebwa mabegani kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, miezi kwa miezi, kwa miguu.

Hapa lazima tuwe wakweli, ama hii post haina maana. Mzungu hakuingia porini kuchukua pembe peke yake. Wakamba walikuwa wakipeleka pembe Mombasa kabla hata wazungu hawajaona Mlima Kenya, na Kivoi wa Mwendwa alikuwa tajiri mkubwa wa hiyo njia. Tippu Tip wa Zanzibar alikuwa na himaya nzima huko Kongo, kwa pembe na kwa watumwa. Mashamba ya karafuu Unguja na Pemba, na mashamba ya nafaka Malindi, yalilimwa na watumwa. Kuna watu wetu walipata, na kuna watu wetu walibebeshwa. Ukisema "waliiba kila kitu" unamficha aliyeuza, na ukimficha aliyeuza, yule aliyebeba anapotea mara ya pili.

Saa sita hivi nikatembea hadi barabara inayoitwa Große Reichenstraße. Kuna jengo hapo, Afrikahaus, la mwaka wa 1899. Mlangoni amesimama shujaa Mwafrika wa shaba akiwa na silaha. Ukiingia uani kuna ndovu wawili, ukubwa wa ndovu kabisa. Ni makao yaliyojengwa na kampuni ya Woermann, kampuni ya meli iliyotajirika Afrika Magharibi kwa kuuza pombe kali na kununua mawese. Na mwaka wa 1890, ileile ya Helgoland, hapa Hamburg ilianzishwa Deutsche Ost-Afrika-Linie, meli za kuja upande wetu kwa usaidizi wa pesa za serikali. Familia ya Woermann ilikuwa ndani pia.

Nilimwangalia huyo shujaa wa mlangoni muda mrefu. Hana jina. Hana kabila. Ni pambo. Watu wanaingia ofisini na vikombe vyao vya kahawa, hawamtazami.

Si mbali na hapo, mashariki mwa HafenCity, kuna gati linaitwa Baakenhafen. Leo kuna nyumba mpya safi na uwanja wa watoto wa kuchezea. Kutoka hapo, kati ya 1904 na 1908, maelfu ya wanajeshi walipanda meli za Woermann kwenda Namibia ya leo, kuwapiga Waherero na Wanama. Makumi ya maelfu waliuawa kwa risasi, kwa kiu jangwani, na kwenye kambi. Serikali ya Ujerumani ilikuja kuyatambua rasmi kama mauaji ya kimbari mwaka wa 2021. Kwa majirani zetu Tanzania, miaka hiyohiyo ilikuwa Maji Maji, 1905 hadi 1907, na makadirio mengine ya waliokufa, wengi kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa, yanafika 300,000. Rais Steinmeier alienda Songea Novemba 2023 kuomba msamaha. Msamaha ni kitu. Lakini hesabu vizazi vingapi vilipita.

Niliketi pale Baakenhafen nikala chapati ya pili. Watoto walikuwa wanateleza, wanacheka. Siwalaumu hao watoto. Nilichotamani ni mtu awaambie siku moja, na atuambie sisi pia.

Baadaye nikapanda treni hadi kituo cha Dammtor, karibu na chuo kikuu. Hapo nilitafuta kitu ambacho hakipo. Mwaka wa 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann. Huyu ndiye aliyetumwa kuzima vita vya pwani vya 1888 na 1889, vile vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani Desemba 1889. Sanamu ilimwonyesha Wissmann amesimama juu, na chini yake askari Mwafrika anamwinulia macho huku akifunika simba aliyekufa kwa bendera. Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha Waingereza wakaing'oa. Pale iliposimama Dar ndipo palipo Sanamu ya Askari leo. Wissmann akasafirishwa, akaishia Hamburg, na 1922 akasimamishwa mbele ya chuo kikuu.

Mwaka wa 1967 wanafunzi wakamwangusha. Akarudishwa. Wakaendelea, na Oktoba 1968 wakamwangusha mara ya mwisho, hakurudi tena. Nilipenda hiyo stori vibaya sana, kwa sababu waliofunga kamba walikuwa vijana wa umri wetu, tena Wajerumani, wakiuliza swali kuhusu babu zao wenyewe.

Lakini kile kilichonishika koo ni chuo chenyewe. Chuo Kikuu cha Hamburg kilianzishwa 1919, lakini kabla yake kulikuwa na Taasisi ya Kikoloni, ya 1908, ya kufunza maafisa na wafanyabiashara wa kupelekwa makoloni. Na moja ya lugha walizofunzwa ilikuwa Kiswahili. Mji wa Berlin ulikuwa umeanza mapema zaidi, na mwalimu mmoja huko alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule aliyeandika desturi za Waswahili. Wanafunzi walimdharau darasani. Akaoa Mjerumani, na 1905 alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe wakakatazwa kushuka Dar es Salaam. Mtu aliyewafunza lugha ya nchi akazuiwa kuingia nchi hiyo. Alibaki Ujerumani mpaka akafa 1927.

Sasa niangalie mimi. Nimesimama mbele ya jengo ambamo zaidi ya miaka mia moja iliyopita walisoma lugha yangu ili waje watutawale. Na mimi nimekesha miezi, Nairobi, nikisoma lugha yao, vitenzi, vyeti, mtihani, ada, ili nije niwaogeshe wazee wao. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilisaini Berlin makubaliano ya uhamiaji na ajira, na kila wiki kuna mtu ananiuliza kwa simu "njia ya kuja majuu ni gani?" Sisemi ni kitu kimoja na ukoloni. Nalipwa, nina mkataba, nikitaka naondoka. Mtoro hakuwa na hiyo. Lakini kauri, pembe, karafuu, kahawa, halafu mikono: ni nini hii bandari haijawahi kuhitaji kutoka kwetu? Na mara ngapi bei imepangwa na sisi?

Kituo cha mwisho kilikuwa makaburini. Ohlsdorf ni makaburi makubwa ajabu, mabasi yanapita ndani kama mtaa. Nilienda kumwona dada mmoja wa pwani. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alizaliwa 1844. Alipenda mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akashika mimba, na 1866 akatoroka kwa meli ya Waingereza hadi Aden. Huko akabatizwa Emily na wakaoana 1867. Akaja Hamburg, kwenye baridi hii ninayoijua mimi, bila lugha, bila ndugu. Mwaka wa 1870 mumewe akagongwa na tramu ya farasi akafa. Akabaki mjane na watoto watatu wadogo, mji wa kigeni.

Mwaka wa 1885 serikali ya Bismarck ikampeleka Zanzibar pamoja na manowari, ili kumtishia kaka yake Sultani Barghash. Wajerumani walipopata walichotaka wakamsahau. Urithi hakupata. Aliandika kumbukumbu zake, zikatoka 1886, na akafa Jena 1924. Inasimuliwa kwamba majivu yake yalizikwa pamoja na mfuko wa mchanga wa Zanzibar aliokuwa ameuhifadhi miaka yote.

Ningependa kumalizia hapo tulie kidogo. Lakini Salme alitetea utumwa kwenye kitabu chake, na aliandika maneno mabaya kuhusu Waafrika weusi. Mwaka wa 2019 Hamburg waliita uwanja mmoja kwa jina lake, na mwaka uliofuata, watu walipotoa hayo maneno hadharani, wakaamua jina litoke. Mimi naona walifanya sawa. Unaweza kumhurumia mjane aliyetumiwa na mataifa, na bado ukakataa kumpa uwanja. Nilisimama pale, nikamwombea, nikawakumbuka na wale waliolima karafuu za baba yake, ambao hatujui hata walizikwa wapi.

Najua wengine mtaandika hapa chini, "Buda, hiyo ni kitambo, songa mbele." Nawaelewa. Mtu anatafuta kodi ya nyumba, unamletea habari za 1890. Lakini Hamburg haijasahau kitambo. Imeipaka rangi, imeiwekea taa, inaikodisha ofisi kwa bei kali. Ni sisi tu tunaambiwa tusahau. Na ukisahau mambo kama haya, unafika mezani kupatana bei hujui mwenzako amekuwa kwa hii biashara miaka mingapi.

Kwa hivyo njoo majuu kama njia imefunguka, sitakudanganya kwamba mimi nimekaa nyumbani. Lakini soma mkataba wako mstari kwa mstari kabla ya sahihi, muulize wakala ada ni ya nini, na ujue thamani ya kazi yako huku ni ngapi kabla mtu hajakutajia. Watu wa Witu hawakupewa nafasi ya kusoma karatasi yao. Wewe unayo.

Treni ya kurudi ilikuwa tupu. Picha nilizopiga za ile nyumba ya kioo ni tatu tu, na mbili hazijashika vizuri. Jumatatu kazini nilipitia sebuleni, yule bibi alikuwa anacheza piano polepole. Nikamwambia, kwa Kijerumani changu cha kuvunjikavunjika, kwamba nadhani nimejua hivyo vibonye vilipitia wapi. Akaacha kucheza. Akasema, "Kaa, niambie." Nikakaa dakika kumi za mapumziko yangu zote.

Kitu kimoja kinanisumbua bado. Nimefika Hamburg, nimeona gati zake zote. Witu sijawahi. Nikirudi likizo, basi la Lamu ndilo nitakalopanda kwanza. Nani anakuja?